Namna Nilivyomchagua Kigeugeu

Shemeji yangu Salumu alisema sitakaa kwenye kiti cha mashine hata siku moja maishani mwangu. Alisema hivyo mbele ya watu, kwenye maulidi, mkono wake ukiwa bado ndani ya sahani ya wali. Majirani wa Mikelenge, mtaa wetu hapa Kindu, wakaongezea yao: kwamba mwenye diploma akianza kukwea miti, basi hata diploma yenyewe imerudi porini, kwamba aliyekimbia vita na kurudi hana la kuwafundisha waliobaki. Sasa nimestaafu, bega langu la kulia halitaki tena kamba, na ninaweza kuwajibu wote kwa utulivu. Salumu alisema kweli. Sikukaa kwenye kiti cha mashine. Mashine niliyoichagua haina kiti.

Naandika haya kwa ajili yenu vijana mnaomwendesha Kigeugeu leo na kudhani alishuka kutoka mbinguni na makucha yake ya chuma. Hakushuka. Alichaguliwa. Na aliyemchagua ni mimi, mwenye diploma ya Serikali upande wa ufundi wa mashine, jambo ambalo nitalitaja mara chache tu, nikiona mmeanza kulisahau.

Matokeo ya mtihani yalisomwa redioni, na jina langu liliposikika mama alinimwagia poda kichwani, kama ilivyo desturi yetu, mpaka nikafanana na andazi lililosahauliwa kwenye unga. Poda haijanitoka vizuri masikioni, vita ikafika Kindu. Karakana niliyoahidiwa kazi ilifungwa. Mashine zake ziliondoka pamoja na watu ambao hawakuomba ruhusa. Treni zilisimama. Chumvi ikawa kitu cha kusimuliwa. Nikaikunja diploma, nikaitia ndani ya kipande cha mwanzi, nikaziba kwa nta ya nyuki, nikafuata reli kwa miguu mpaka Kibombo, na kutoka huko nikaenda Tunda, kwa sababu nilisikia kwamba huko yuko mpasua mbao asiye na msaidizi. Msaidizi wake alikuwa amekimbilia Kindu kutafuta usalama. Nadhani tulipishana njiani.

Mpasua mbao huyo aliitwa Papa Lukangila. Msumeno wake ulikuwa wa watu wawili: mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine ndani ya shimo chini yake.

"Wewe njo mwenye diploma?" aliniuliza.

"Njo mimi, Papa."

"Muzuri sana. Shuka kwa shimo."

Anayesimama chini hupokea unga wote wa mbao: machoni, mdomoni, ndani ya shati. Jioni ile nilitoka shimoni nikiwa mweupe kuliko siku ya matokeo. Papa Lukangila akanitazama, akacheka, akasema, "Leo njo umefaulu."

Nilifanya naye kazi miaka ile mibaya. Tulipasua mbao za milango, za mitumbwi, na za majeneza, na hizi za mwisho ndizo zilizokuwa na wateja wasiochelewa. Kitu kimoja alichonifundisha ndicho kilichonifanya niwe huyu niliye. Kabla ya kuugusa mti, Papa Lukangila alichukua panga akafyeka njia. Haikuwa njia ya kuufikia mti. Ilikuwa njia ya kuutoa. Alifyeka mpaka barabarani, kisha akarudi ndipo akatoa shoka. Siku moja nilichoka nikamwambia tuangushe kwanza, njia tutaiona baadaye.

"Kuangusha muti, hata upepo unaweza," alisema. "Kuutoa, upepo hauwezi. Njo maana watu wanatuita sisi, hawaiti upepo."

Vita ilipoisogelea Tunda nayo, Papa Lukangila alikataa kuondoka na mimi nikakataa kubaki. Nikaenda kusini, safari ambayo sitaieleza kwa sababu kila mtu wa umri wangu anayo ya kwake, na yake ndiyo ndefu zaidi. Nilifika Zambia. Huko nilipata kazi kwenye mashamba ya matunda, katika kundi la kupunguza miti na kuondoa iliyokufa. Mwenye shamba aliniuliza kama ninajua mashine. Nikamwonyesha diploma. Hakujua Kifaransa hata neno, lakini muhuri ulimridhisha.

Huko ndiko nilikoiona kwa mara ya kwanza ile mashine ndogo ya kupakia ambayo magurudumu yake hayakati kona. Upande mmoja unakwenda, upande wa pili unasimama au unarudi nyuma, na mwili wote unazunguka palepale ulipo, kama mtu aliyeitwa jina lake kwa nyuma. Ilipita katikati ya mistari ya michungwa, ikakumbatia gogo, ikageuka, ikatoka. Hakuna jani lililojeruhiwa. Nilisimama nikaitazama mpaka msimamizi akaniuliza kama ninalipwa kwa kutazama. Nilikuwa ninamwona Papa Lukangila akifyeka njia yake.

Vita ilipokwisha nikarudi Kindu na kamba, mkanda wa kupandia, msumeno wa injini, na diploma ndani ya mwanzi wake. Siku yangu ya kwanza ya kazi mjini nilipanda mwavokado uliokuwa umelalia paa la jirani. Watu walikusanyika chini.

"Diploma!" mmoja akapaza sauti. "Huko juu kuko asali?"

"Hapana, kuko hewa," nikajibu. "Huko chini imekwisha, naona."

Tangu siku hiyo jina langu mjini likawa Papa Diploma. Walidhani wananicheka. Mimi nililiona ni jina lenye cheo.

Miti ya Kindu ilikuwa na kitu ambacho Zambia hawakunifundisha, nacho ni risasi. Miembe ya barabarani ilisimama wakati wote wa vita bila kujificha, ikapokea za pande zote, na gome likafunga juu yake. Mnyororo wa msumeno ukikutana na risasi, unaanza kulia, kisha unakatika. Basi nawaambia: mkiona kwenye shina alama kama kitovu, hasa upande wa barabara, msikate hapo. Pandeni mkono mmoja juu zaidi. Miti hiyo iliona vita kuliko wengi wanaojisifu nayo, na haikudai cheo.

Lakini taabu yangu kubwa haikuwa risasi. Ilikuwa milango. Wakati wa vita watu wengi wa mtaa wetu waliipunguza milango ya viwanja vyao, ili gari lisiweze kuingia kinyumenyume kuja kupakia vitu vya ndani. Walijenga nguzo mbili za matofali, wakaacha nafasi ya mtu na baiskeli yake. Vita ikaisha, milango ikabaki. Hofu ikishajengwa kwa matofali haibomoki kwa tangazo la redio.

Kwa hiyo nilikata mti vizuri, tawi kwa tawi, nikauteremsha kwa kamba bila kuvunja hata kibati, kisha gogo likabaki uani. Watu hawakuweza kulibeba kulipitisha pale, na mkokoteni haukuingia. Kindu ilijaa magogo yangu. Kuku walitagia juu yake, wazee walikalia, mchwa walishukuru. Salumu, ambaye alikuwa amefanya kazi miaka yote kwenye uwanja wa treni na kuamini kwamba kila kitu duniani kina reli yake, alipita akaniuliza:

"Shemeji, wewe unakata miti ao unailalisha tu?"

Yeye ndiye pia aliyeniita kigeugeu. Mjue kwamba wakati wa vita neno hilo lilikuwa zito. Lilikuwa la mtu anayeipigia makofi kila bendera inayopita. Alinibandika mimi jina hilo kwa sababu nilikuwa fundi mashine nikawa mpasua mbao, nilikuwa mkimbizi nikawa mwenyeji, na sasa nilikuwa mpanda miti anayetaka tena mashine. "Muntu wa namna hii," alisema, "hata kivuli chake hakijui kilale wapi."

Jirani yetu Mama Zaina ndiye aliyenilazimisha nifikirie kwa haraka. Alikuwa mjane, mshonaji wa nguo za shule, na nyuma ya nyumba yake ulisimama mwembe mkubwa ulioanza kuoza upande wa mizizi na kuinamia chumba chake cha kushonea. Kila mvua kubwa ilikuwa inausogeza. Kuuangusha wote kwa mara moja hakukuwezekana, maana nyumba zilikuwa pande zote. Ungetoka kwa vipande, na vipande vyake vilikuwa vizito kuliko wabebaji. Na mlango wake ulikuwa mwembamba kuliko yote mtaani.

"Mama, tuvunje nguzo moja tu," nilimwambia. "Nitaijenga tena."

"Hapana, mwanangu. Hizi nguzo marehemu njo alijenga kwa mikono yake. Gari lilikuja hapa, likajaribu kuingia kwa nyuma, likashindwa. Wale watu wakatazama cherehani yangu mule ndani, ilivyo ya chuma, wakaona uvivu kuibeba. Wakaenda kwa jirani." Akaigusa nguzo. "Mulango huu hauvunjwe."

Ndipo nilipotangaza kwamba nitaleta mashine. Fedha za mashine hakuna aliyekuwa nazo isipokuwa Papa Kalonda, mtu wa Kama, kule kwenye machimbo, mfanyabiashara wa dhahabu aliyekuwa na duka mjini. Tulikaa barazani kwa Mama Zaina: yeye, Kalonda, Salumu na mimi.

"Dhahabu nitatoa," Kalonda alisema. "Dhamana iko wapi?"

"Diploma yangu," nilisema.

Walicheka kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Kisha Mama Zaina akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza uzi, "Cherehani yangu iko."

Kicheko kikakatika. Kalonda akamtazama. "Mama, mashine ya huyu ikikosa kupita kwa mulango wako, cherehani haitarudi. Na mashine nitaipeleka Kama, itanichimbia."

"Upeleke. Muti ukiniangukia, cherehani nitaifanyia nini? Sanda haishonwi."

Kalonda aliichukua jioni ileile. Kuanzia siku hiyo Mama Zaina alishona nguo za shule kwa mkono, barazani, akiwa ameupa mwembe mgongo. Kila nilipopita aliniinulia sindano kunisalimu. Ningependa angenilaumu.

Nilikata mwanzi mrefu, nikaupima kwa upana katikati ya nguzo zake, nikaupunguza mpaka ukapita bila kugusa kokote, nikaondoka nao. Kituoni Kalonda alinishika mkono. "Diploma, ununue mukubwa. Kitu kikubwa hakikose kazi." Nikaelewa. Mashimo ya Kama hayana milango. Salumu naye akanishauri nichukue kubwa, kwa sababu ina kiti, na yeye angependa kuniona nimekikosa kwa karibu.

Treni ilinifikisha Lubumbashi wakati ilipopenda yenyewe. Muuza mashine alikuwa kijana mchangamfu mwenye viatu safi, jambo ambalo kwenye yadi ya mashine hunitia wasiwasi.

"Papa, kamata hii," alisema, akapiga mlango wa mashine kubwa ya manjano. "Iko na kiti. Iko na hewa ya baridi. Muntu wa heshima kama wewe utasimama?"

Nikaweka mwanzi wangu mbele yake. Mashine ilizidi pande zote mbili.

"Papa, unanunua mashine na kijiti?"

"Nanunua mashine na mulango."

Pembeni, nyuma ya mapipa, kulikuwa na ile ndogo. Mwendeshaji wake anasimama nyuma, kwenye kibao cha chuma, leva zikiwa kifuani. Niliupima mwanzi mbele yake: uliizidi mashine kwa upana wa kidole. Hapo ndipo kazi ya kuchagua ilipoanza, na naomba msome polepole.

Mashine isiyobeba kitu ni sawa na bwana arusi: kila mmoja ni mzuri. Nilimwambia kijana atafute gogo. Akaleta kipande cha mkaratusi. Nikaiambia mashine inyanyue, na sikutazama mikono yake. Nilitazama magurudumu ya nyuma. Yakianza kuacha ardhi, huo ndio mwisho wa nguvu zake, hata karatasi iseme nini. Kisha nikauliza juu ya uzito wa mashine yenyewe, kwa sababu kwenda Alunguli ni kuvuka Lualaba, na nilitaka iweze kukaa juu ya mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja bila kuwatia watu kalima ya mwisho mdomoni.

Kijana alitaka kunipa yenye minyororo badala ya magurudumu. Ni kweli, mnyororo unatembea vizuri kwenye matope, na Kindu haijawahi kukosa matope. Lakini mnyororo ukikatika Kindu, unangoja treni. Gurudumu likitoboka, linazibwa na yeyote anayeziba baiskeli za kubebea watu, naye yuko kila kona. Nikachukua magurudumu. Kisha nikainama nikaitazama rimu, ilivyobonyea upande mmoja kama sahani.

"Hizi zinageuka?" niliuliza. "Muntu akizivalisha ndani nje?"

"Zinageuka, Papa, mashine inakuwa nyembamba. Lakini inapenda kuanguka pembeni. Na nani anageuza?"

Zambia tuligeuza, kwenye mistari ya michungwa michanga. Sikumwambia. Muuzaji akijua unachokihitaji, kinapanda bei.

Mwisho nikakataa kijiko cha kuchotea mchanga alichotaka kunipa kama zawadi, nikachukua makucha ya kushikia magogo, pamoja na uma wa kubebea. Kijiko kingemfurahisha Kalonda. Sikuja kumnunulia Kalonda.

Ilipofika Kindu juu ya behewa wazi, ilibidi kuiteremsha bila winchi, kwa sababu winchi ya stesheni ilikuwa kumbukumbu. Salumu, namsifu kwa hili, alileta mataruma ya reli ya zamani aliyokuwa ameyatunza kwake kama watu wengine wanavyotunza mbuzi. "Nakukopesha," alisema. "Yote yarudi." Tukayapanga kuwa mteremko, nikaishusha polepole, kinyumenyume, uzito ukiwa upande wa juu. Msisahau hilo: upande mzito daima unatazama mlima.

Salumu akaizunguka mashine. "Kiti kiko wapi?"

"Hakuna."

Alicheka mpaka akakaa juu ya mataruma yake. "Jamani! Ameenda Lubumbashi kununua mukokoteni!"

Kesho yake tulikwenda kwa Mama Zaina, na nusu ya mtaa nyuma yetu. Kalonda alikuwa amefika kabla, amesimama na mikono nyuma. Nikaingia kwenye kichochoro nikiwa nimesimama wima juu ya kibao changu, nadhani niliinua na kidevu kidogo, na nilipofika mlangoni nikazima injini.

Nguzo zilikuwa zinang'aa. Nyeupe, laini, zimepakwa chokaa, na ubavuni mtu amechora ua la buluu.

"Mama Zaina," niliita. "Umefanya nini mulango?"

Alitoka akiwa amevaa kitenge chake cha Idi. "Nimepaka sementi na chokaa, mwanangu. Mugeni mukubwa namna hii, apite katikati ya matofali yenye kuchubuka? Watasema nini?"

Nikachukua mwanzi, ule ule uliokwenda Lubumbashi na kurudi, nikauweka katikati ya nguzo. Haukuingia. Nikausukuma. Ukapinda kama upinde. Mama Zaina aliutazama mwanzi, kisha akatazama nguzo zake, na nikaona uso wake ukielewa. Akaweka mkono mdomoni.

"Cherehani ni ya chuma kizuri," alisema Kalonda polepole, si kwangu, bali kwa mtu aliyekuwa karibu naye.

Salumu akaitisha nyundo ili abandue sementi. Nikamzuia. Matofali ya chini yalikuwa ya udongo usiochomwa. Sementi ilikuwa sasa ndiyo inayoyashika, na ungebandua upande mmoja nguzo ya marehemu ingemfuata mwenyewe kaburini. Watu wakaanza kushauri. Mmoja akasema mashine ilowekwe ndani ya mto ipungue. Mwingine akasema tuinyanyue juu ya ukuta, akatafuta wa kunyanyua naye, hakumpata.

Nikatoa jeki na spana.

"Sasa anaing'oa miguu!" Salumu akatangaza. "Mutazame diploma inavyofanya kazi!"

Nilitoa gurudumu la kwanza, nikaligeuza ndani nje, nikalirudisha. Nikaenda la pili. Kicheko kilipungua gurudumu kwa gurudumu, na nilipokuwa nakaza nati za mwisho hakukuwa na sauti nyingine ila ya spana. Mashine ilikuwa imesimama kama mtu aliyebana magoti. Nikawasha. Nikaingia polepole kuliko nilivyowahi kuendesha, makucha chini karibu na ardhi, kwa sababu mashine nyembamba ikiinua mikono inatafuta pa kulala. Upande wa kushoto nilisikia mpira ukiparuza chokaa. Ua la buluu lilipoteza jani moja. Kisha nikawa uani.

Wa kwanza kusema alikuwa Salumu. "Hapana," alisema. "Huyu njo kigeugeu wa kweli. Anageuka mwili, anageuka mpaka miguu!"

Mtaa mzima ukalipokea jina. Nikaiachia mashine jina hilo. Mimi lilikuwa limeshanichosha.

Nilipanda mwembe ule, nikaushusha kipande kwa kipande, na kila kipande kilichogusa ardhi Kigeugeu alikikumbatia, akazunguka palepale, akatoka nacho mlangoni kwa urefu wake. Kijana niliyemzoeza kunishikia kamba chini ndiye aliyemwendesha. Katikati ya kazi Salumu, aliyekuwa ameshaanza kuipenda mashine, akasimama mbele ya makucha.

"Nipandishe juu kidogo, nikate tawi lile."

"Mashine hii inabeba magogo, shemeji," nilimwambia kutoka mtini. "Ukiwa gogo, sema."

Hiyo ikawa sheria yetu, na mnaijua. Mtu hapandishwi. Si kiongozi, si mpiga picha, si bwana arusi. Nimewakatalia wote hao.

Alasiri jua liliingia kwenye chumba cha kushonea ambacho hakikuwa kimeliona tangu mwembe ulipoinama. Ndani mlikuwa na kiti cha mshonaji, na mbele ya kiti hamkuwa na kitu. Mlango ulikuwa umepitika, lakini dhahabu ilikuwa haijarudi, na Kalonda alikuwa mtu wa Kama: hakuchanganya kupiga makofi na biashara. Mama Zaina alikaa kwenye kiti chake juani, akatoa sindano.

Basi tukafanya kazi. Tulisafisha miti ya kando ya reli, tulivuka kwenda Alunguli juu ya mitumbwi, tulitoa magogo yangu yote ya zamani, pamoja na lile ambalo wazee walikuwa wamelizoea na wakadai fidia. Sitaeleza nilivyopanda cheo, kwa sababu hapakuwa na mtu juu yangu wa kunipandisha. Kila kazi ilikuwa na fungu lake la Kalonda kabla ya langu, na kila nilipopita kwa Mama Zaina niliinuliwa sindano.

Siku niliyowalipa wote ilikuwa Ijumaa, baada ya sala. Kalonda alileta mizani yake ndogo barazani kwa Mama Zaina, akapima, akapima tena, akafunga kitambaa. Hakutabasamu, lakini alifungua mwenyewe mlango wa gari lililoleta cherehani. Salumu alirudishiwa mataruma yake, akayagonga moja moja kwa fimbo kama anayechagua mananasi, akakubali kwamba hayakuoza.

Wakati huo mwendeshaji alikuwa Mwajuma, ambaye wengi wenu mnamjua kwa mkono wake mwepesi. Alitia uma chini ya cherehani, akainyanyua shubiri moja tu kutoka ardhini, akaingia nayo mlangoni. Magurudumu yalikuwa yamegeuzwa tangu asubuhi. Hakugusa chokaa. Mama Zaina alitembea ubavuni, ameweka mkono juu ya chuma kama mtu anayemwongoza mgonjwa aliyepona.

Tulipotoka, Salumu aliweka kitu juu ya uma. Kilikuwa kiti. Alikichonga mwenyewe, kimyakimya, kwa mbao za mwembe ule. Kwenye egemeo kulikuwa na kitovu cha risasi ambacho alikuwa amekizunguka kwa patasi badala ya kukificha.

"Kaa, shemeji," alisema mbele ya watu wote. "Nilisema hautakaa kwa kiti cha mashine. Mwajuma atainua kidogo tu, mimi niwe muongo, yaishe."

Nikubali: nilikitamani. Niliinua mguu. Mwajuma akaondoa mikono yake kwenye leva, akaikunja kifuani.

"Papa Diploma," alisema, "mashine hii inabeba magogo. Wewe ni gogo?"

Watu walicheka mpaka kuku wakaruka ukutani. Nilimtazama Mwajuma. Sikuwahi kumpa mtu diploma, lakini siku ile ningekuwa na poda, ningemmwagia.

Salumu akakishusha kiti, akakiweka chini, kwenye kivuli cha nguzo nyeupe. "Basi nilisema kweli," akanung'unika.

"Ulisema kweli, shemeji," nilimjibu, nikakaa.

Ndani cherehani ikaanza kulia.